Diski ya Kuwashia

Kila asubuhi nilikuwa nabonyeza kitufe cha laptopu, halafu naenda kuishi maisha yangu. Napiga mswaki. Nafagia. Napanga foleni ya maji na akina mama wa Kaloleni, nasikia nani amemrudia nani, narudi na mtungi wangu, na kile kiduara kwenye skrini bado kinazunguka kama kuku aliyepigwa kichwani. Mama yangu akipita huitazama ile mashine kwa huruma.

"Hii kitu inafikiria sana," alisema siku moja. "Si umpe chai."

Mama anaweza kucheka kwa sababu yeye ana subira. Mimi sina. Nikikaa, goti linacheza. Nikisimama, vidole vinatafuta kitu cha kushika. Labda ndiyo maana nilikuwa msusi. Shule iliishia kidato cha nne, nikaweka kiti kwenye veranda yetu, mikono ikapata kazi ya kufanya mchana kutwa huku kichwa kikizurura kinakotaka. Kilizurura mpaka siku moja kikarudi na kiboko.

Kiboko wangu anatoka ziwani na magugu maji kichwani, anavuka barabara, anaingia saluni na kusema anataka kusukwa rasta. Msusi anamwambia akae. Anakaa, kiti kinasagika. Msusi anaenda kuleta benchi. Hiyo ndiyo hadithi yote, lakini niliichora picha baada ya picha mpaka ikatembea, na chini yake nikaweka wimbo wa kaka.

Laptopu yenyewe ilikuwa ya kaka. Aliinunua ikiwa imeshatumiwa na wengine, akawa anajirekodi humo akipiga gitaa na kuimba nyimbo alizotunga mwenyewe. Alipokwenda Usenge kununua omena, dagaa wa ziwani, ufuoni na kuziuza, aliniachia mashine na nyimbo zake zote ndani. Ule niliompa kiboko ulikuwa wa ngege, samaki aliyekataa kukaangwa, anaruka kutoka kwenye kikaango na kuomba apelekwe kwa wakili. Sijawahi kuusikia bila kucheka.

Sasa, kuna mama mmoja ana studio ndogo ya katuni kule Milimani, anafundisha vijana. Alikuja kwangu kusukwa, na mimi mdomo wangu haufungiki, nikamweleza habari za kiboko kuanzia mstari wa kwanza wa kichwa hadi wa mwisho. Alipokuwa akijitazama kwenye kioo aliniambia nafasi moja imebaki kwa wanafunzi wake.

"Niletee hiyo filamu Ijumaa, kabla jioni haijaingia. Iwe imekwisha. Mimi sipokei ndoto, napokea kazi."

Alipoondoka niliruka nikagonga beseni la maji. Na jioni hiyohiyo laptopu ikaanza kulia. Tik. Tik. Krrr. Kama mtu anayekwaruza sufuria. Kiboko alifika mlangoni mwa saluni, akaganda mguu mmoja ukiwa juu.

Nilimpigia kaka. Nyuma yake nilisikia wanawake wakibishana bei.

"Hiyo ni diski, nyamera," alisema. Nyamera maana yake dada yangu, ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Imezeeka. Tafuta ile ya kisasa isiyozunguka, SSD. Ifanye iwe diski ya kuwashia. Ile ya zamani ibaki ya kuweka vitu."

Mama alisikia. "Kuwashia nini? Jiko?"

"Mashine, Mama."

"Na sasa mmekuwa mkiiwasha na nini?"

Kesho yake nikafunga laptopu kwenye leso na kwenda mjini. Duka la kwanza karibu na stendi kijana alinionyesha SSD iliyoandikwa ukubwa wa ajabu, ya kutosha picha zote za Kisumu na Ahero pamoja na mafuriko yake, kwa bei ya kitu kidogo kabisa. Nilitaka kuishika hapohapo nikimbie nayo. Lakini kijana hakunitazama usoni alipokuwa akiisifu, na mimi nimesuka watu wengi, najua mtu akikwepa kioo. Nikasema narudi.

Katika ujia wa vibanda vya simu nikampata mzee mwenye kofia ya mviringo, ameketi nyuma ya meza ya kioo. Baba yake alitoka pwani kufanya biashara, mama yake ni wa huku. Anaongea Kiswahili kinachoteleza, halafu katikati anatupa neno la Dholuo kama mtu anayetia chumvi. Nilimweleza niliyoonyeshwa kule. Alifungua droo, akatoa SSD iliyopasuliwa, akanisogezea. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyobandikwa kwa gundi, na kando yake kipande cha chuma.

"Hicho chuma ni cha nini, Mzee?"

"Cha uzito, binti. Ukiishika uone kweli umenunua kitu."

Tulicheka wote, ila mimi nilicheka huku jasho likinitoka.

Kisha nikakosea tena mbele yake. Niliona ile nyembamba, ndogo kama kipande cha biskuti, nikasema hiyo hiyo, ni nzuri, nipe. Akaniomba laptopu. Akaipindua, akaitazama tumbo, akaipapasa kama daktari wa ng'ombe.

"Hii yako haina mdomo wa kula hiyo. Hiyo ni ya mashine za juzi. Chukua hii ya boksi, inaingia palepale diski yako inapolala."

"Basi nipe kubwa."

"Kubwa ya nini? Ya kuwashia haihitaji tumbo, inahitaji miguu. Mfumo unaoendesha mashine ukae humo, na programu zako. Tumbo mwachie yule mzee." Yule mzee ilikuwa diski yangu. "Kwanza huchezi CD, sivyo? Toa hicho kicheza CD, mzee atahamia hapo. Kuna kifuko chake cha bati. Ukishawasha tu, toa vitu vyako vya maana kwa mzee uweke kwa huyu kijana mpya. Huyo mzee ana kifua kibaya, namsikia."

Alinitilia mfumo kwenye flashi, akanielekeza hatua, mimi nikiitikia ndiyo ndiyo ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Miguu ilikuwa imeshafika nyumbani.

Nilifungua mashine kwenye meza ya kulia. Mama alishika kifuniko cha sufuria nikawa natia skrubu humo, na moja bado ilituponyoka tukaitafuta chini ya kabati tukiwa wote wawili tumepiga magoti kama tuko kanisani. SSD ilikuwa nyepesi, huwezi kuamini ina kazi. Niliilaza mahali pa mzee, mzee nikamvika bati lake nikamsukuma pale pa CD. Nikafunga. Nikachomeka flashi, nikawasha huku nagonga kitufe alichonionyesha, ukafunguka ule ukurasa wa buluu wa mipangilio.

Pale ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilisimulia mjini watu wanajishika mbavu.

Ukurasa ulikuwa na majina, moja juu ya jingine. Juu kabisa flashi. Chini yake SSD. Chini yake, mwisho kabisa, diski ya kaka. Niliutazama ule mpangilio nikajisikia vibaya. Bibi yangu, mamake Mama, analima mpunga kule Ahero, na bomani kwake mbegu haigusi udongo kabla ya mkubwa kuanza. Mke wa kwanza, kisha wa pili, kisha wengine. Kijana akitaka kujenga, kaka yake anajenga kwanza. Hata mimi mama yangu hajawahi kunipakulia kabla ya kaka, akiwepo. Na hapa kuna kitu kimenunuliwa leo, kimelala juu ya kilichotulea. Flashi nikaiacha, hiyo ni mgeni, mgeni hutangulia kisha huondoka. Lakini diski ya kaka nikaipandisha, nikaiketisha juu ya SSD. Nikaona sasa iko sawa. Nikahifadhi.

Mfumo ukaanza kumiminika kutoka kwenye flashi. Uliponiuliza uingie diski ipi nikachagua mpya, hapo sikukosea. Nilizunguka meza. Nilitoka nje nikarudi. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikafikiri, ikafikiri tena, na ghafla nikaona picha ya kaka amesimama ufuoni, ileile iliyokuwa kwenye skrini siku zote, na faili zangu zote mahali pake.

"Mama! Imehamisha kila kitu yenyewe!"

"Asante Yesu," alisema Mama. "Sasa lete kifuniko changu."

Nikachomoa flashi. Alhamisi yote nilichora. Nilikuwa nimebakiza kuleta benchi tu. Lakini kiboko alikuwa akiganda vilevile, na ile krrr haikuisha, ila sasa ilitokea upande wa pili wa mashine. Nilijiambia ni mzee anakoroma huko alikohamia. Nikazima, nikawasha, nikaenda kuteka maji, nikarudi: kiduara. Akilini niliona lile boksi limepasuliwa na kadi ya simu ndani yake.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye ule ujia kabla vibanda havijafunguka. Mzee alipotokea na funguo zake sikumpa hata salamu ya maana.

"Mzee, umeniuzia chuma."

"Subalkheri na wewe, binti."

"Ni chuma! Inakwenda polepole kuliko ile ya zamani! Na leo ndiyo Ijumaa!"

Watu wa vibanda jirani walianza kutoa vichwa. Jamaa mmoja wa kava za simu akasema, "Mzee, leo umepatikana." Mzee aliinua mlango wa bati, akaketi, akafungua laptopu, akagonga kitufe. Ukurasa wa buluu. Aliutazama kitambo. Kisha akanitazama mimi.

"Nani amempandisha huyu juu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Si ni mkubwa."

Yule wa kava alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka, au alijizuia. Alivua miwani akaifuta.

"Binti, hii si meza ya chakula. Hii ni foleni ya nani aamshwe kwanza. Mashine inaanza juu, ikimkuta mtu mwenye mfumo inasimama hapo hapo, haishuki tena. Umemwamsha mzee mgonjwa kila siku akalime, na kijana amelala hapa na nguvu zake, hakuna aliyemgusa."

"Kwa hiyo yangu..."

"Yako imeishia nusu njia tangu ulipoiweka. Haijawahi kuwaka." Akasema na neno lake la chumvi, "Ng'wono, ng'wono. Una huruma mpaka kwa vyuma."

Aliishusha diski ya kaka chini, akaipandisha SSD. Nilihisi aibu kidogo kuitazama ikishuka, hata baada ya kuelezwa. Mashine ikawaka. Na jamani, iliwaka. Ilianza kuniuliza maswali kama karani mchangamfu: lugha gani, nchi gani, jina lako nani. Nikajibu, na skrini ikafunguka safi, hakuna picha, hakuna kiduara, kabla hata sijapata nafasi ya kuhangaika.

Lakini kiboko hakuwa humo. Kiboko, benchi nililochora jana, programu niliyochorea, nyimbo, vyote vilikuwa bado kwa mzee, na mzee sasa alikuwa akikwaruza hata bila kufanya kazi.

Tulianza na programu. Mzee alikuwa nayo kwenye flashi nyingine, akaniwekea, wateja wakiingia na kutoka, mimi nikiwapisha na kugonga kila kitu kwa kiwiko. Ilipokamilika adhana ya kwanza ikapita juu ya mabati. Mzee alisimama.

"Mimi naenda kuswali. Ijumaa sikai. Wewe endelea na kunakili, usizime, usitikise. Naacha mlango nusu."

"Uniache hapa na duka lako lote, Mzee?"

"Utaiba nini? Umeshaona chuma chenyewe." Akaondoka.

Nikabaki chini ya mlango wa bati ulioshushwa nusu, naona viatu tu vikipita. Nilifungua diski ya kaka. Ilichukua muda kujibu, kama mtu anayeitwa akiwa ndani kabisa. Kulikuwa na mafolda mawili ya maana. Langu la kiboko, na lake la nyimbo. Krrr. Mzee mwenye duka alikuwa ameniambia wazi kabla ya kuvaa viatu: hii itatoa kile itakachotoa, halafu basi.

Kidole kilikuwa juu ya folda la kaka. Naapa sikufikiria. Kidole kilikwenda chenyewe. Halafu nikasimama, nikakaa, nikasimama, nikapiga simu.

"Diski yako inakata roho," nilimwambia. "Sijui itatoa ngapi. Naanza na zako."

"Na kiboko?"

"Kiboko atafuata."

"Wewe! Leo si ndiyo Ijumaa?" Sauti yake ikageuka upande, akamwambia mtu, "Mama, nimesema debe moja, usinipimie mchanga," kisha akarudi. "Nisikize. Nyimbo zangu ziko mdomoni. Kiboko wako yuko mdomoni mwa nani?"

"Lakini wewe ndiye..."

"Nyamera, bonyeza chako. Mimi nimesimama hapa jua linaniunguza na omena zangu, usinifanye nikuombe."

Nikabonyeza changu. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukasimama. Ukatambaa. Ukasimama tena muda mrefu hivi kwamba nilianza kuhesabu viatu vinavyopita, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kaka hakukata simu. Nilisikia upepo wa Usenge na mapigano ya bei. Kisha mstari ukafika mwisho na dirisha likafungika.

"Ameingia," nikasema.

"Kiboko?"

"Na benchi."

"Haya. Sasa jaribu zangu tuone."

Nyimbo ziliingia mbili. Ya tatu mstari ulisogea kidogo, mashine ikatoa sauti ndogo, si krrr, ni kama mtu aliyeweka kijiko mezani. Halafu kimya. Folda likapotea kwenye skrini, na diski nzima nayo. Nikamwita kwenye simu, "Omera?" yaani ndugu yangu, nikajua ameelewa.

"Wa ngege ulitoka?" akauliza.

Nikatazama. Haukutoka.

Mzee wa duka alinikuta nikipangusa macho na leso ya laptopu. Alijaribu kumwamsha mzee mwenzake mara kadhaa, akatingisha kichwa. Nikaomba radhi kwa asubuhi. Akasema, "Nenda Milimani, utaniomba ukirudi."

Nilikwenda kwa miguu, kukaa kwenye pikipiki nisingeweza. Yule mama wa studio alikuwa anafunga madirisha. Nywele nilizomsuka zilikuwa bado zimekaa vizuri, nikapata moyo kidogo. Nikaweka laptopu mezani, nikabonyeza, ikawaka hapohapo, akainua nyusi. Kiboko akatoka ziwani.

Akatazama hadi kiti kilipovunjika. "Mbona hakuna sauti?"

Filamu iliuvuta wimbo kutoka kwenye folda la kaka, nao ulikwenda na mzee. Nilitaka kumweleza habari za mzee na kijana na ukurasa wa buluu, nikaona ni ndefu. Badala yake nilirudisha filamu mwanzo, nikatoa simu, nikapiga, nikaiweka kwa sauti ya juu kando ya skrini.

"Kaka. Ngege. Sasa hivi. Imba."

"Niimbe wapi? Niko kwa watu."

"Imba tu!"

Kiboko alikuwa ameshafika katikati ya barabara kaka alipoanza. Hakuwa na gitaa. Alikuwa anapiga kitu, nadhani debe. Beti ya pili ilimponyoka, akajaza maneno mengine papo hapo, wakili akawa hakimu, na wanawake wa omena nyuma yake wakaanza kuitikia bila kuombwa, mmoja akimtukana katikati ya kiitikio kwamba anapoteza wakati wa biashara. Kiti kilivunjika wimbo ukiwa bado kwenye sehemu ya mlangoni. Havikulingana hata kidogo. Yule mama alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Filamu ikaisha, kaka akaendelea.

"Mwambie aanze tena," alisema yule mama. "Na wewe rudisha mwanzo. Mpe nafasi akutane na mlango."

Tukarudisha. Safari ile debe lilianguka pamoja na kiti, kwa bahati tu, na yule mama akacheka kwa sauti, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe kwa uangalifu, akaniambia nije Jumatatu, nije na chaja yangu, na nijifunze kurekodi sauti vizuri kwa sababu huyu ndugu yangu hawezi kuitwa kila mara.

Nilitoka nje natembea haraka bila kujua ninaelekea upande gani. Kaka alikuwa bado hewani. "Amesema nini? Nyamera, amesema nini? We! Amesema nini?" Na kila nilipofungua mdomo kumjibu, kicheko ndicho kilichotoka, mpaka naye akaanza kucheka, bado hajui anacheka nini.